Laki: Namba Iliyovuka Bahari

Kiingereza hakina jina la 100,000. Kifaransa hakina, Kijerumani hakina. Hata Kiarabu, kilichotupa mia na elfu, kikifika hapo huunganisha maneno mawili aliyokwisha kuwa nayo msemaji. Sisi tuna neno moja fupi, silabi mbili, na tunalitumia bila kufikiri: laki.

Ukisubiri chombo pale Chokocho, kusini mwa Pemba, kuvuka kwenda Kisiwa Panza, utalisikia kabla hujapanda. Nyavu laki ngapi, mashine ya boti laki ngapi, mahari laki ngapi. Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo cha wilaya ya Mkoani. Watu wake wanaishi na bahari: wanavua, wanalima mwani, wanapanda mikoko, na miaka hii wanahangaika na maji ya chumvi yanayoingia mashambani. Si mahali ambapo mtu angetarajia somo la nadharia ya namba. Lakini maneno ya kuhesabia yanayotumika pale, ukiyafuata moja moja, yanakupeleka Gujarati, Baghdad na Kairo. Na ukirudi nayo, unakuta kitu ambacho skuli zetu zimekuwa zikikipita bila kukitazama.

Tuanze na maneno yenyewe.

Tabaka juu ya tabaka

Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi: haya ni ya Kibantu, tunayashiriki na majirani wa bara. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu. Yaliingia yakawasukuma wenyeji wao, tandatu, fungate na kenda. Wenyeji hawakufa wote. Kenda bado iko kwenye vinywa vya wazee na kwenye mashairi. Fungate imejificha kwenye ndoa, kwani zile siku saba za maharusi ndizo zilizolihifadhi neno la saba la zamani, na leo wengi wanakwenda fungate bila kujua kwamba wanataja namba. Ishirini mpaka tisini ni Kiarabu, mia na elfu vilevile. Hata elfu ilimkuta mwenyeji: kikwi, ambacho siku hizi utakikuta zaidi kwenye tungo kongwe na kamusi.

Kisha inakuja laki, na laki si ya Kibantu wala ya Kiarabu. Asili yake ni Bara Hindi, kutoka Kisanskriti hadi Kihindi na Kigujarati. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na baadaye akaishi Delhi, alilikuta neno hilo huko na ikambidi awaeleze wasomaji wake wa Kiarabu kwamba ni dinari laki moja za fedha. Yaani kwa msomi wa Tangier lilikuwa neno la kigeni linalohitaji maelezo. Kwa mvuvi wa Kisiwa Panza leo halihitaji.

Juu ya laki likaja tabaka la mwisho, milioni na bilioni, kutoka Ulaya. Kwa hiyo mtu akisema "milioni moja, laki mbili, elfu sita na kumi", katika pumzi moja amepita Ulaya, India, Arabuni na bara la Afrika. Sijui lugha nyingi ambazo namba moja ya kawaida ya sokoni inaweza kusafiri hivyo.

Sasa swali. Lugha iliyokwisha kuwa na elfu ilihitaji laki ya nini? Wazungu wamejenga benki na kwenda mwezini bila neno hilo.

Jibu mojawapo liko ndani ya sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hutanguliza kundi kubwa kisha idadi yake: elfu mbili, elfu tatu. Basi mtu akikwambia "elfu mia tatu", amesema nini? Anaweza kuwa amekusudia 300,000. Lakini ukimsikia haraka, kwenye kelele za mashine ya boti, unaweza kusikia elfu na mia tatu, yaani 1,300. Tofauti ya hizo mbili ni 298,700, na katika biashara hiyo ni ugomvi. "Laki tatu" haina utata. Neno la Kihindi lilipofika, lilikuta ufa kwenye lugha na likauziba. Maneno ya kukopa hudumu yakipata kazi. Yasipopata, huondoka na jahazi lililoyaleta.

Rupia, karafuu na deni

Laki ilikuja na watu na vitabu vyao vya hesabu. Sultani Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa miongo mingi mkodi mkubwa ilikuwa nyumba ya Jairam Shivji kutoka Kutch. Makarani wa forodha waliandika kwa lugha yao, na hesabu zao zilikwenda kwa malaki. Rupia ikawa fedha ya mji. Rupia moja ilikuwa ana 16, na ana moja pesa 4, hivyo rupia ilikuwa pesa 64. Ndiyo, hata "pesa", neno ambalo hakuna Mswahili anayeliona la kigeni, lilishuka kwenye chombo hichohicho. Zanzibar iliendelea na rupia mpaka mwaka 1936, ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia.

Pemba iliingia kwenye hesabu hizo kwa nguvu baada ya kimbunga cha mwaka 1872. Kimbunga kile kiliivunjavunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za dunia zikatoka huku. Lakini karafuu ina tabia yake: mwaka huu inazaa mno, mwaka ujao inanuna. Mwenye shamba alikula mwaka mzima na kuvuna mara moja, na katikati alikopa. Deni lilipimwa kwa rupia, na rupia kwa kitabu ambacho mdaiwa hakuweza kukisoma. Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria za kuzuia mashamba ya wadaiwa yasiishie kwa wakopeshaji. Mgogoro uliofuata ulifika mpaka India, ambako wafanyabiashara waliisusia karafuu ya Zanzibar mwaka 1937 na 1938.

Ninayasema haya kwa sababu ni rahisi kuisimulia safari ya neno kana kwamba ni harusi ya tamaduni. Laki haikuja kutalii. Ilikuja kwa njia ya forodha na deni, na watu wa pwani waliichukua kwa sababu walilazimika kujua wanadaiwa kiasi gani.

Mwenzake mdogo alikuja kwa njia hiyohiyo: korja. Korja ni vitu 20, neno jingine la upande wa Bara Hindi, na ndilo lililohesabia boriti za mikoko zilizokatwa pwani yetu na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi kuezekea nyumba. Mtu aliyekata boriti hakuhesabu moja moja, alihesabu korja. Shikilia hiyo 20, tutaihitaji sasa hivi.

Tuifungue laki

Mpaka hapa tumeitazama laki kama neno. Tuitazame kama namba.

Laki ni mbili mara tano zikizidishwa zenyewe, na tano mara tano vilevile: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5. Basi. Hakuna kingine ndani yake. Hakuna 3, hakuna 7, hakuna 11. Ina vigawo 36, ukihesabu 1 na yenyewe. Chini yake kuna namba tasa 9,592. Ya mwisho kabla ya kuifikia ni 99,991, na ya kwanza baada yake ni 100,003. Tasa, kwa asiyekumbuka, ni namba isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyelichagua neno hilo alikuwa na sikio: namba isiyo na wana.

Wahenga wa hisabati walikuwa na njia nyingine ya kuzipanga namba, kongwe kuliko Uislamu na Ukristo. Chukua namba, jumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kisha linganisha. Chukua 6: vigawo vyake ni 1, 2 na 3, na jumla ni 6. Imetimia. Chukua 10: 1, 2 na 5 ni 8. Imepungukiwa. Chukua 12: 1, 2, 3, 4 na 6 ni 16. Imezidi. Mgiriki Nikomako aliyaandika haya karibu na mwaka 100. Thabit bin Qurra, mzaliwa wa Harran aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka 901, akakitafsiri kitabu chake kwa Kiarabu.

Na hapa ndipo mtu wa Pemba anapopaswa kukaa vizuri kwenye kiti. Waarabu waliyaitaje makundi hayo matatu? Namba iliyopungukiwa waliiita naqis. Iliyozidi, za'id. Iliyotimia, tamm.

Nakisi. Ziada. Timamu.

Ya kwanza tunaisikia kila mwaka kwenye taarifa ya habari, nakisi ya bajeti. Ya pili iko kwenye kila duka. Ya tatu tunaitumia kwa mtu mwenye akili zake, na nduguye "tamati" tunamwandika mwisho wa hadithi. Mizizi ni ileile. Msamiati wa nadharia ya namba wa karne ya 9 umekaa midomoni mwetu siku zote. Nikisema "namba timamu" nakusudia hasa kundi hilo la tatu, maana "namba kamili" vitabu vyetu vimeshaipa kazi nyingine.

Hawakuishia hapo. Thabit alitoa kanuni ya kupata jozi za namba ambazo kila moja ni jumla ya vigawo vya mwenzake. Jozi ndogo kuliko zote ni 220 na 284. Vigawo vya 220 ukiacha yenyewe ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110, jumla 284. Vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, jumla 220. Waarabu waliziita mutahabba, zinazopendana. Mswahili anayejua mahaba hahitaji kamusi hapo.

Turudi kwenye laki. Jumlisha vigawo vyake 35 ukiiacha yenyewe: unapata 146,078. Imezidi. Laki ni namba ya ziada. Lakini ziada hiyo imetoka wapi? Kumi, tuliona, ni nakisi. Siri iko kwenye ile korja: 1, 2, 4, 5 na 10 ni 22, na 22 ni zaidi ya 20. Korja ni ziada, na kuna kanuni kwamba kila namba inayobeba ziada ndani yake nayo ni ziada. Laki ni korja 5,000. Mia ni korja 5, elfu ni korja 50. Zote ni za ziada kwa sababu moja, kwamba mkata boriti anaweza kuzifunga kwa korja bila kubakiza hata gongo moja.

Namba timamu, kinyume chake, ni adimu kama lulu. Chini ya laki ziko nne tu: 6, 28, 496 na 8,128. Ya tano imeruka mpaka 33,550,336. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefanya kazi Kairo chini ya Wafatimi na kufariki karibu na mwaka 1040, alijaribu kuonyesha kwamba kila namba timamu iliyo shufwa hufuata umbo moja lililotolewa na Euclid. Thibitisho kamili lilingoja karne ya 18, mpaka Euler.

Kwa nini nimtaje mtu wa Kairo kwenye makala ya Pemba? Kwa sababu mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, magharibi mwa Pemba, waakiolojia walichimbua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi. Sisemi kwamba mwenye akiba ile alisoma Ibn al-Haytham. Nasema fedha ya dola iliyomlisha Ibn al-Haytham ilihesabiwa kwa mkono Pemba, na mkono huo ulijua nusu, robo na thumni. Tulikuwa ndani ya dunia hiyo, na si kandokando yake.

Namba ya hazina na namba ya nyumba

Sasa niseme jambo ambalo laki haipendi lisemwe. Ni nzuri kwa kuhesabia, mbaya kwa kugawia.

Gawa laki kwa watu watatu: kila mmoja 33,333, inabaki 1. Kwa sita: inabaki 4. Kwa 24: kila fungu 4,166, inabaki 16. Haina 3 ndani yake, hivyo haiwezi. Namba za mviringo ni za wenye hazina. Wanazipenda kwa sababu zinaandikika vizuri.

Familia hazigawani kwa mviringo. Zinagawana kwa faraidhi, na faraidhi ina namba zake: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Tuseme mtu wa Kisiwa Panza amefariki, ameacha mke, mama na mtoto wa kiume. Mke anachukua thumni, mama sudusi, mtoto anachukua kinachobaki. Asili ya hesabu ni 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Kama aliacha minazi 120, kila mtu anaondoka na minazi mizima: 15, 20 na 85. Kama aliacha minazi 100, mke anapewa kumi na mbili na nusu, na hapo ndipo majirani wanapoanza kusikia sauti.

Kuna masuala ambayo hata 24 haitoshi. Mke, mabinti wawili, baba na mama: thumni, theluthi mbili, sudusi na sudusi. Kwa 24, mafungu ni 3, 16, 4 na 4. Jumla yake ni 27. Mafungu yamezidi mali! Mapokeo yanasema Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa: asili inapandishwa kuwa 27, na kila mtu anapunguzwa kwa uwiano uleule. Kama mali ni laki, mjane anapata shilingi 11,111 na kitu kidogo kisichogawika.

Si ajabu basi kwamba al-Khwarizmi, aliyelipa somo la aljebra jina lake huko Baghdad karne ya 9, alitumia sehemu kubwa ya kitabu chake kwenye wasia na mirathi. Hesabu ngumu za wakati wake zilitoka msibani.

Na laki ilikuwa na jirani bora kwa kazi hiyo. Mwaka 1915, Srinivasa Ramanujan, kijana wa kusini mwa India aliyekuwa Cambridge, alichapisha utafiti juu ya namba zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kuliko zenyewe. Iliyo karibu na laki kwa chini ni 83,160. Ni ndogo kuliko laki, lakini ina vigawo 128 dhidi ya 36 vya laki. Inagawika kwa 24, kwa 27, kwa 7, kwa 11. India iliyotuletea laki ndiyo iliyomtoa mtu aliyeeleza kwa nini laki haitoshi.

Kilichomo kinywani

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hoja iliyokuwa nyuma yake naielewa: vitabu vya juu viko kwa Kiingereza, na mtoto wa Pemba hatakiwi kukwama. Sina ugomvi na mtoto kujua Kiingereza. Ningependa ajue na Kifaransa.

Ugomvi wangu uko hapa. Mtoto wa miaka kumi pale Kisiwa Panza ameshasali tarawehe, na baada yake shufwa na witiri. Anajua, bila kufundishwa darasani, kwamba shufwa ni mbili na witiri ni ile isiyo na pacha. Amekaa pembeni wazee wakigawa mirathi na amesikia thumni na sudusi. Amesikia nakisi redioni. Anajua ziada, kwa sababu muuza samaki akimjazia kidogo anaitaja. Anaingia darasani na sehemu kubwa ya msamiati wa Thabit bin Qurra tayari mdomoni. Kisha tunamwambia somo hili ni jipya, ni la kigeni, na maneno yake hana. Akikwama tunasema watoto wa visiwani hawaiwezi hisabati.

Kuna wanaoamini kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba somo hili. Hao waanze kwa kueleza tofauti ya 10 na 20 kwa lugha yoyote wanayotaka, kisha wasikilize inavyosikika kwetu: kumi ni nakisi, korja ni ziada. Maneno manne ya kawaida, na kila moja lilifika hapa kwa njia yake, kwa miguu au kwa tanga, kabla hakujawa na sera ya mtu yeyote.

Ombi langu kwa mwalimu wa Kisiwa Panza ni dogo. Kabla hajafungua kitabu, awaulize wanafunzi laki inagawika kwa watu watatu au haigawiki, na kwa nini. Awaachie wabishane kwa lugha yao mpaka mmoja aseme kwamba daima inabaki moja. Hiyo moja inayobaki inatosha kwa kipindi kizima.